Hodi Mwilini

Chumba kilinuka dawa ya kusafishia vyoo, na chini ya dawa hiyo palikuwa na harufu ya jasho la mtu. Dafrosa Kikoti aliisikia mara tu kiti chake kilipovuka kizingiti, akajiambia kuwa pua yake inamfanyia visa. Hapa hapakuwa hospitali. Palikuwa Kituo cha Wageni cha kampuni ya Mwenyeji, chini ya milima ya Udzungwa, jengo la vioo na mbao nyekundu lililojengwa makusudi ili watu wasioweza kutembea wafike kwenye maporomoko ya Sanje kama watu wengine.

Maporomoko hayo yalikuwa yamemkaa rohoni tangu shule ya bweni, siku wenzake walipopelekwa kuyaona, yeye na Bosko Mhongole wakaachwa kwenye basi na chupa ya soda kila mmoja. Ukubwani alilivalia njuga jambo hilo. Aliunda Shirikisho la Wasafiri Wenye Ulemavu, akadai njia ya mbao yenye mteremko wa kustahimilika, na kigari cha kamba cha kuvusha watu pale penye mwamba. Wakuu wa hifadhi wakamjibu kila mwaka kwamba msitu utaharibika. Kisha akatokea Profesa Nestori Mbilinyi na jibu lake: kama kiti hakipandi, mtu na apande bila kiti.

Leo lilikuwa linangojwa neno la Dafrosa. Shirikisho lilikubaliana kwamba mwenyekiti ajaribu kwanza, kisha aseme mbele ya kamera ndiyo au hapana. Akisema ndiyo, huduma ingefunguliwa katika hifadhi zote nchini. Akisema hapana, wakuu walikwisha kumwambia usoni kuwa hakuna mradi mwingine, si njia ya mbao, si kigari, si chochote. Na kule ukumbini, kwenye kiti kilichojazwa mito kila upande, Bosko alikuwa anangoja zamu yake. Misuli ya Bosko ilikuwa inakufa mmoja baada ya mwingine. Iliyobaki hai ilikuwa ya shingo na ya vidole viwili. Mradi mwingine, hata ungekuja, yeye asingeuona.

"Nyumba iko tayari," alisema Kaspari, mtumishi aliyempokea.

"Nyumba ipi?"

Kaspari alionyesha kwa kidevu. Kwenye kitanda cha pili alilala mwanamke kijana, miguu mirefu iliyopakwa mafuta ikang'aa, kisogo kimenyolewa.

"Haijala tangu jana, ili tumbo lisikusumbue njiani," Kaspari aliendelea. "Na imesafishwa vizuri, nje na ndani."

Dafrosa alilifikiria hilo neno ndani, akajuta kulifikiria.

"Shikamoo, dada," alisema yule mwanamke.

"Marahaba. Hujambo? Unaitwa nani?"

"Dada Dafrosa, majina huwa hatuulizani," Kaspari aliingilia kwa upole, kama mtu anayemzuia mgeni asikanyage zulia na viatu. "Mgeni akijua jina anakuwa mzito, hapandi vizuri."

"Editruda," alisema mwanamke, kana kwamba Kaspari hakusema kitu.

Kucha zake zilipakwa rangi, kila ukucha na rangi yake, na sikio la kushoto lilikuwa limetobolewa juu kabisa, kwenye gegedu, likavimba na kutoa usaha. Kaspari aliona macho ya Dafrosa yalipotua. Akaeleza kuwa hayo ni ya mgeni wa juzi, alitaka kujua inauma vipi, na kwamba mgeni ana haki ya kujifurahisha almradi asivunje mfupa. Aliyasema hayo huku akichukua pamba na kulifuta lile sikio, kama anayefuta meza ya hoteli baada ya mteja mchafu. Dafrosa aliitazama miguu ya Editruda, na hili ndilo jambo ambalo hakutaka mtu alijue: aliitamani.

Profesa Nestori aliingia akigonga sakafu kwa fimbo yake nyeupe. Alizaliwa kipofu, na watu wote nchini waliijua hadithi yake, jinsi alivyouona uso wa mkewe kwa mara ya kwanza kwa macho ya kijana mmoja wa Mikumi aliyekubali kumwazima. Hakuwa tapeli. Dafrosa alimchunguza sana akitafuta utapeli, akakuta mtu anayeamini.

"Umeogopa?" Profesa aliuliza.

"Nimeona kinyaa."

"Hata mimi mara ya kwanza. Hupita."

Kisha akamweleza yale ambayo kwenye mikutano huwa hayaelezi kwa kirefu. Nyuzi nyembamba kuliko unywele zilikuwa zimeoteshwa katika shingo ya Editruda. Kofia ambayo Dafrosa angevaa ingesoma amri za ubongo wake na kuzituma kwenye nyuzi hizo, na yote ambayo mwili ule ungehisi yangemrudia yeye. Hilo lilikuwa jepesi, lilifanyika zamani katika maabara za nje. Kilichowashinda wote ni kwamba ubongo wa mwenyeji huupiga vita ubongo wa mgeni, kama mwili unavyoikataa figo ya kupandikizwa. Walijaribu dawa, walijaribu usingizi, wenyeji wakapata degedege. Kilichofungua mlango mwishowe ni neno moja.

"Mgeni anapiga hodi," alisema Profesa, na sauti yake ikawa ya baba anayemsifu mwanawe. "Kimoyomoyo. Mwenyeji anaitikia karibu. Akiitikia tu, ubongo wake unalegea, unakaa pembeni. Kule nje haikufanya kazi, kwa sababu hodi hawana. Sisi tumelelewa nayo tangu kunyonya. Huo ndio utajiri wetu, Dafrosa."

Kaspari alimvisha kofia. Ndani yake palikuwa na unyevu wa kichwa cha mtu mwingine.

Hodi, Dafrosa alisema moyoni.

Karibu, sauti iliitikia upesi, nyepesi, kama ya mtu anayeosha vyombo uani.

*

Kitu cha kwanza alichokutana nacho ni ulimi. Ulikuwa mnene kuliko wake, umekauka kwa njaa, na ulipogusa meno ukakuta jino la nyuma limevunjika na kipande cha nyama kimeoza ndani ya pengo. Nyama ile aliila nani? Si Editruda, ambaye hajala. Dafrosa alitaka kutema, ila mate hayakuwa yake, akayameza, na alipoyameza koo la mtu mwingine likamshuka kifuani kama mlenda wa jana.

Kisha akasimama.

Alikuwa amejiandaa kulia, hakulia. Alicheka. Alitembea mpaka mlangoni, akarudi, akatembea tena, na Kaspari akamwacha kwa sababu wageni wote hufanya hivyo. Nje, njia ya Sanje ilianza kwa ngazi za udongo zilizokingwa kwa magogo, akazipanda huku akizihisi nyayo zikikamata ardhi. Kaspari alimfuata nyuma na mkoba wa dawa. Kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge lililopasuka, la mgeni mwingine aliyependa kutembea peku, na kila hatua ilichoma. Hata maumivu yale Dafrosa aliyafurahia. Yalikuwa maumivu ya mguu, kitu alichokuwa anakisikia kwa majirani tu.

Mbele kidogo njia ilikuwa tambarare, naye akakimbia. Akakimbia kama mwehu, kanga ikimpiga magotini, mbega wakimpigia kelele juu ya miti, mpaka Kaspari akamwita asije akaiumiza nyumba. Aliposimama kupumua, alihisi umajimaji kifuani. Blauzi ilikuwa imelowa pande zote mbili. Akadhani ni jasho, akagusa, vidole vikanata, akanusa. Maziwa.

"Ana mtoto!" alisema.

"Wengi wanao," alisema Kaspari, akatoa kitambaa mkobani. "Jifute, hakuna tatizo."

Hakukichukua. Alisimama na matiti ya mwanamke mwingine yanayomvuja, yamekaza kama mawe, yanauma kwa ndani, na kinyaa kikamshika mpaka vinyweleo. Hakikuwa kinyaa cha maziwa. Maziwa ya mama nani asiyeyajua? Ni kule kujikuta amevaa uzazi wa mtu kama anavyovaa koti la mtumba, na bado joto la mwenyewe limo ndani.

Walifika kwenye kibanda cha walinzi wa hifadhi. Hapakuwa na mtu mlangoni. Kaspari akaita, kama ambavyo yeyote angeita, "Hodi hapa!"

"Karibu, pita ndani," kinywa kiliitikia.

Mlinzi aliyekuwa ndani alitoa kichwa, akashangaa nani kamwitikia mgeni wake. Kaspari akacheka. Dafrosa hakucheka, kwa sababu yeye hakusema neno. Kinywa kilijisemea, tena kwa lafudhi ya Wandamba, ambayo yeye, mtu wa Kilolo, hana.

"Kaspari, umesikia?"

"Ni mazoea tu, dada. Kuku si anarukaruka hata akishachinjwa?"

Jibu hilo lilimkaa vibaya. Akaendelea kupanda, ila sasa polepole, akiwaza. Alikumbuka alipokuwa anapanga Iringa mjini, siku ambayo kaka wa mwenye nyumba alipiga hodi na yeye yuko nusu uchi, hata kiti hajakifikia. Alimchukia yule mwanamume. Hata hivyo mdomo wake ulisema karibu kabla akili haijaukamata, mlango ukafunguliwa, na ikabidi ajifunike shuka na kumuuliza habari za nyumbani. Ni nani kwao aliwahi kufundishwa kusema usiingie?

Akajaribu jambo. Alizungumza kwa sauti, kwa kinywa kilekile.

"Editruda, habari?"

"Nzuri," kinywa kilijibu.

Kaspari alisimama. "Dada, usifanye hivyo. Mashine haitaki."

Dafrosa alingoja. Kwao, mtu akitoka kumzika mwanawe ukamuuliza habari, atasema nzuri. Nzuri ni mlango tu. Habari yenyewe huja ukirudia kuuliza, na asiyerudia ni mtu asiyetaka kujua. Mashine ya Profesa ilitengenezwa isikie neno la kwanza na kuridhika.

"Nzuri tu, Editruda?"

Midomo ilitetemeka. Alihisi ulimi ukinyanyuka bila amri yake, ukitafuta njia, kama mtu anayepapasa gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Nzuri, ila kifua kinauma. Mtoto hajanyonya tangu asubuhi. Ila na kisigino, dada, usikimbie kwenye mawe."

Sauti ikazimika. Kaspari aliangalia miti.

Basi yuko macho. Alikuwa macho wakati wote, wakati wa kucheka na wakati wa kukimbia, na juzi wakati sikio linatobolewa. Dafrosa alijua la kufanya: kugeuka hapo hapo, kuteremka, kumrudishia mwenye mwili mwili wake akanyonyeshe. Ni jambo ambalo hata mtoto angelijua. Lakini muungurumo wa maji ulikuwa unasikika nyuma ya kona, na ukungu baridi ulikuwa umekwisha kumfikia usoni. Alisimama akisikiliza. Akamwambia Editruda, "Kidogo tu, mdogo wangu. Nione tu."

"Karibu," kinywa kikajibu.

Akapanda. Alilijua neno hilo lina maana gani, na akapanda.

*

Alipovuliwa kofia alitapika. Alitapika kwenye mapaja yake mwenyewe, yale yasiyohisi kitu, akayaona matapishi yanatiririka bila kuusikia uvuguvugu wake. Mtumishi mmoja alikuja na beseni, amechelewa. Bosko alikuwa ameletwa ndani, na nyuma yake watu wa kamera, na Profesa na fimbo yake.

"Yuko macho," Dafrosa alisema, akijifuta kwa mkono. "Profesa, wako macho mle ndani."

"Najua. Tukiwalaza, mlango unajifunga."

Hakudhani angejibiwa upesi hivyo. "Unajua?"

"Nisingejua vipi? Nimetembea humo." Profesa alisogea karibu, akashusha sauti. "Alisema karibu kwa hiari yake. Hakuna aliyemshika ulimi."

"Karibu siyo ndiyo! Wewe ni mtu wa Njombe, usijitie hamnazo. Hata mwizi akipiga hodi tutamkaribisha."

"Dafrosa, mimi na wewe tumebebwa mgongoni maisha yetu yote. Mama zetu, kaka zetu, makuli wa stendi. Uliwahi kumuuliza mmoja wao kama mgongo unauma?"

Hilo lilimchoma, maana hakuwahi. Alijibu kwamba waliombeba waliweza kumtua wakapumzika.

"Na wewe ulimtua?" Profesa aliuliza. "Kaspari ameshanisimulia. Ulimsikia, ukapanda."

Kinyaa alichokuwa amewaandalia watu wa kampuni kilimrudia Dafrosa chote, akakionja pamoja na uchungu wa matapishi.

Editruda alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda chake, amejitanda kanga. Mama mmoja wa usafi alimletea mtoto, kichanga cha kiume kilicholia mpaka sauti ikakwama. Editruda alimweka kifuani. Mtoto aliinusa ngozi ya mama yake, akakunja uso, akajipinda mgongo na kugeukia pembeni. Editruda alijifuta mafuta kwa pindo la kanga, akajaribu titi la pili. Mtoto alipiga yowe na kumsukuma kwa viganja, kama anayemkataa mtu asiyemjua.

Aliona kuwa Dafrosa anatazama, akatabasamu kwa aibu, kama mwenye nyumba aliyekutwa hajafagia.

"Ni harufu tu, dada," alisema. "Atazoea. Hata wa kwanza alizoea."

Taa za kamera ziliwashwa. Profesa alinyoosha mkono kuelekea kwa Dafrosa, akatangaza kwa sauti yake nzuri kwamba nchi inamsikiliza mwenyekiti wa Shirikisho.

"Hapana," alisema Dafrosa.

Aliyekuwa ameshika kipaza sauti alidhani amesikia vibaya. Akakisogeza.

"Shirikisho halikubali. Ndani ya mwili ule kuna mtu, yuko macho, na anaumia. Nimemsikia kwa masikio yake. Nilipomsikia sikushuka, kwa hiyo msiniite shujaa. Tunataka njia ya mbao, na kama haijengwi, hatupandi."

Chumba kilivurugika. Profesa aliamuru kamera zizimwe, mtu akamkanyaga mwenzake kwenye nyaya, Kaspari akaanza kukunja shuka ambayo haikuhitaji kukunjwa. Bosko alimtazama Dafrosa mpaka watu walipotoka kubishana ukumbini, wakabaki wao, na Editruda, na kile kilio.

"Njia ya mbao," Bosko alisema hatimaye. Siku hizi hata maneno yalikuwa yanamchosha. "Itaisha lini, Dafrosa? Mimi nitakuwa wapi?"

"Najua, Bosko."

"Umepanda. Umerudi. Halafu ndiyo ukakumbuka kuwa mtu ni mtu."

"Ndiyo."

Alingoja amtukane. Angefurahi kama angetukanwa. Bosko alifumba macho, akapumua mara kadhaa, na alipoyafumbua hasira ilikuwa imetoka, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi kukitazama.

"Yakoje?" aliuliza.

Angeweza kusema hayana lolote, ni maji tu yanaanguka. Alitaka kusema hivyo. Lakini walikuwa wameachwa pamoja kwenye basi lile, na kumdanganya Bosko kungekuwa uchafu mwingine juu ya ule aliokwisha kuufanya.

"Baridi," alisema. "Ukungu wake unakufikia kabla hujayaona. Halafu ukisimama chini yake, yanakupiga mabegani, yanashuka, yanashuka, mpaka unayasikia kwenye magoti."

"Kwenye magoti," Bosko alirudia, akatabasamu huku machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafuta. "Endelea."

Dafrosa alijionea kinyaa, kwa sababu hata yeye alikuwa anatamani kuendelea. Akaendelea. Alimweleza jinsi magoti yanavyokunjika mtu anapochutama kuyagusa maji, na jinsi yanavyotetemeka kwa uchovu wakati wa kushuka. Na pale kando, Editruda akiwa na mtoto wake aliyekataa kunyonya, alikuwa ameinua uso, anasikiliza habari za magoti yake.